Ngazi Iliyovikwa Vitambaa

Hebu nikuulize: wewe ukinunua nyumba mpya, rangi bado inanuka, vitasa havijazoea mkono wa mtu, utamleta mkaguzi aje kugonga kuta zake na kuchungulia mashimo yake? Wengi watasema la, nyumba mpya ina nini cha kukaguliwa. Nesi mmoja alisema ndiyo. Na ndiyo yake hiyo ilimfanya aingie koridoni asubuhi moja na kumkuta mkaguzi wake amekufa.

Alikuwa amelala chali juu ya vigae vyeupe, chini kabisa ya mlango mdogo wa dari. Mkono mmoja ulikuwa kifuani, mwingine umenyooka kama wa mtu anayengoja apewe kitu. Ngazi ya mbao ilikuwa imeegemea ukuta, na ule mlango wa dari ulikuwa wazi.

Inspekta alifika kabla jua halijawa kali. Alikuwa mama wa makamo, mnene kidogo, mwenye tabia ya kusimama mlangoni muda mrefu kabla ya kuingia mahali. Sajini wake, ambaye yeye aliingia kila mahali kama kuku, alikuwa amekwisha kufikia uamuzi.

"Kateleza, afande. Kapanda kukagua dari, kaanguka, kichogo kimepasuka. Tuite gari tu."

"Kateleza yeye, ngazi ikabaki imesimama?"

"Ngazi nyingine zina adabu," alisema Sajini.

Inspekta hakucheka, lakini hakukasirika pia. Aliinama, akatazama. Marehemu alijulikana na watu wote wa ujenzi kwa jina la Gongagonga, kwa sababu alitembea na kijiti chenye kichwa cha chuma akigonga kigae kimoja kimoja na kusikiliza, kama daktari agongavyo mgongo wa mgonjwa wa kifua. Kigae kilicholala vizuri kinajibu kwa sauti nzito. Chenye uwazi chini yake kinalia kama debe tupu. Kijiti chake kilikuwa mfukoni mwa suruali. Miwani yake ilikuwa mfukoni mwa shati, imekunjwa vizuri, kioo kimoja kina ufa.

Mpigapicha alipiga picha. Mtaalamu wa alama za vidole alipaka unga wake mweusi kwenye ngazi, kwenye fremu za milango, na kwenye ukuta mweupe uliopakwa rangi ukang'aa kama yai. Inspekta alipopandisha macho kwenye ngazi aliona kwamba ncha zake mbili za juu, pale zinapogusa ukuta, zilikuwa zimefungwa vitambaa safi, vimezungushwa na kukazwa kwa fundo dogo. Alivitazama, kisha akatoka kwenda kuongea na Nesi.

Nesi alikuwa ameketi kwenye ukuta mfupi wa baraza, bado amevaa sare yake ya kazi. Alikuwa amezoea maiti, lakini si maiti ya mtu aliyemwita mwenyewe. Alieleza kwamba miaka ya nyuma alinunua nyumba mpya kwa macho tu, mvua ya kwanza ikamkuta amesimama sebuleni na mwavuli. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hii ya sasa aliipenda mno, maana haikuwa na kona hata moja ya ovyo, lakini aliapa hatatia sahihi mpaka Gongagonga aseme neno.

"Alikuwa akivua miwani akifanya kazi?" aliuliza Inspekta.

"Yule? Bila miwani angekagua nyumba ya jirani."

"Nani hakutaka ukaguzi?"

Nesi akasema alichokuwa nacho. Mwenye nyumba alikasirika sana. Alisema nyumba yake ni mpya, na kuileta kwenye ukaguzi ni kama kumpima uzee mtoto aliyezaliwa jana. Mnunuzi wa kwanza alikuwa amekwisha kukimbia kwa sababu ya bati moja lililovuja, na mwenye nyumba alikuwa na hofu ya kumpoteza huyu wa pili. Asubuhi hiyo, jirani wa upande wa pili wa barabara alimsikia getini akimwambia Gongagonga: "Ukiniharibia mauzo haya, tutajuana."

Kabla hajaondoka, Inspekta alimkuta mtu mwingine amesimama nje ya utepe, amevaa ovaroli yenye madoa ya chokaa, kofia mkononi. Alikuwa mwembamba, mikono mikubwa kuliko mwili wake. Alisema yeye ndiye aliyeijenga nyumba hii, na mwenye nyumba ni kaka yake, tumbo moja. Watu walimwita Timazi, kama ile kamba ya fundi ya kupimia wima, kwa sababu ukuta ukipinda unene wa ukucha alikuwa anaubomoa na kuanza upya, wasaidizi wake wakilia.

Aliulizwa asubuhi hiyo alikuwa wapi. Akasema alikuwa nyumbani na mama yao, kwenye chumba walichopanga, mama ana magoti mabovu hawezi kuachwa. Inspekta alimwambia pole kwa mkasa uliotokea kwenye kazi yake. Timazi aliitikia kwa kichwa, kisha akauliza jambo moja tu. Aliuliza kama ule unga mweusi wataufuta wenyewe, kwa maana ukifutwa kwa kitambaa chenye maji utaingia ndani ya rangi na hautatoka tena. Ufutwe kwa kitambaa kikavu.

"Tutajitahidi," alisema Inspekta.

Mwenye nyumba alipatikana mchana dukani kwake, anauza vipuri vya pampu. Aliulizwa alikuwa wapi baada ya kutoka getini. Akasema alikuja moja kwa moja dukani. Mwenye duka la jirani akasema duka lilikuwa limefungwa asubuhi yote. Basi akabadilisha, akasema alikuwa anaendesha gari tu bila mwelekeo, hasira zimpoe. Alama zake za vidole zilikuwa kwenye ngazi. Alikuwa na ufunguo. Alikuwa ametoa kitisho mbele ya masikio ya watu. Jioni hiyo alilala mahabusu.

Mkuu wa kituo alifurahi. Alisema Jumatatu mtuhumiwa afikishwe mahakamani kwa kosa la mauaji, na faili lifungwe. Inspekta aliomba apewe mwisho wa juma. Mkuu alisema achukue, lakini asije na mashairi.

Hapo ndipo kesi ilipokuwa imefika: mtu mmoja ndani ya chumba chenye nondo, anapiga mlango akisema hakumgusa yule mzee, na hakuna hata mmoja anayemwamini, hata wakili wake. Inspekta mwenyewe hakuwa na hakika. Lakini kuna mambo yaliyokuwa yanamkwaruza kama punje ya mchanga ndani ya kiatu.

Kwanza miwani. Mtu anayeanguka hakunji miwani yake.

Pili akampigia simu daktari wa uchunguzi wa maiti, bwana mmoja mpole aliyezungumza polepole kama anayesoma barua ya mtu mwingine. Daktari alisema kifo kilitokana na pigo moja kisogoni. Kisha akaongeza kwamba ndani ya jeraha ametoa chembe za mchanga mnene ulioshikana na saruji.

"Koridoni kuna vigae, daktari. Laini kama sahani."

"Basi hakuumia koridoni."

"Na mikononi? Vumbi la dari?"

"Mikono safi. Nywele safi. Huyu hakupanda darini, afande. Lakini magoti ya suruali yake yana udongo mbichi. Alipiga magoti mahali, nje."

Inspekta alirudi kwenye nyumba ile na Sajini. Walifungua gari la marehemu, likiwa bado limeegeshwa kivulini. Nyuma kulikuwa na ngazi yake mwenyewe ya aluminiamu, ya kukunja, ncha zake zina mipira. Haikuwa imeshushwa.

"Mtu ana ngazi yake," alisema Inspekta, "kwa nini atumie ya mwingine?"

Sajini alisema labda mgongo ulikuwa unamuuma. Inspekta akamwambia amtafutie mahali penye zege la kukwaruza, ambapo mkaguzi anaweza kupiga magoti.

Walizunguka nyumba nzima. Baraza lilikuwa limesakafiwa laini. Ukingo wa msingi umepigwa lipu. Nyuma ya jiko ndipo walipoikuta chemba ya maji machafu, shimo la mraba lenye kingo za zege ghafi na mfuniko mzito juu yake. Udongo pembeni ulikuwa umefagiwa. Mahali pengine pote uani palikuwa na majani makavu na vipande vya mbao. Hapo palikuwa na michirizi ya fagio, sambamba, mistari imenyooka.

Sajini aliinua mfuniko kwa nondo. Ukingo mmoja wa zege ulikuwa umesuguliwa kwa maji, lakini damu ina ukaidi, na kwenye vishimo vya zege ilikuwa imebaki nyeusi. Inspekta alimulika ndani kwa tochi. Bomba linalotoka bafuni lilikuwa limezibwa. Limezibwa kwa saruji mpya, ya siku chache, na saruji yenyewe ilikuwa imepigwa mwiko ikalainishwa, ukingo wake umefuatishwa duara la bomba bila tone kudondoka pembeni.

Alipiga magoti pale muda mrefu, mpaka Sajini akamuuliza kama ameona nyoka.

"Nimeona uharibifu," alisema. "Lakini tazama ulivyopigwa. Mimi nimelipa mafundi wakanijengea jiko, hawakunipa lipu nzuri hivi."

Sasa fikiria nawe. Mwenye nyumba anataka kuuza. Atazibaje bomba lake mwenyewe siku chache kabla ya mkaguzi kuja? Aliyeziba alitaka mkaguzi akute maji machafu yamerudi bafuni. Alitaka mnunuzi akimbie. Na bati lile lililomkimbiza mnunuzi wa kwanza, Inspekta aliagiza likaguliwe pia. Lilikuwa limelegezwa misumari miwili tu, na misumari yenyewe ikapatikana imewekwa juu ya kenchi, zile mbao za paa, ubavu kwa ubavu, isipotee.

Kikulacho ki nguoni mwako, alisema Sajini, lakini alisema taratibu.

Hata hivyo Inspekta alijua kwamba hiyo haitoshi. Mwanasheria yeyote angesema mwenye nyumba alimuua mkaguzi kwa hasira baada ya kuonyeshwa bomba. Kuziba ni jambo moja, kuua ni jingine. Akarudia picha za eneo la tukio, moja baada ya nyingine, mezani pake, chai ikipoa. Mlango wa dari. Vigae. Ngazi. Ncha za ngazi na vile vitambaa.

Jumapili asubuhi aliagiza ngazi ya stoo ya kituo iletwe kwenye chumba cha mahojiano. Chumba hicho kilikuwa na kuta za rangi ya maziwa yaliyoharibika, zimebanduka kila mahali. Mwenye nyumba aliletwa kwanza.

"Weka ngazi hii ukutani, kama unataka kupanda."

"Ya nini?"

"Weka tu."

Aliibeba kwa shida, akaipiga ukutani kwa kishindo, ikashuka ikikwaruza mpaka chini. Kipande cha rangi kikaanguka kama ganda la kidonda. Hakukitazama hata.

"Mambo ya ujenzi nilimwachia mdogo wangu," alisema. "Mimi nilinunua vifaa, yeye akajenga; ngazi ile niliisogeza tu siku nilipokuja kuitazama nyumba. Afande, mimi sikuua."

Alirudishwa. Kisha Timazi akaingia. Alikuwa amepigiwa simu aje kusaidia kuelewa mchoro wa nyumba, na alikuja amevaa shati safi lililopigwa pasi. Alimwamkia Inspekta kwa heshima, akaketi. Inspekta alimwambia, kabla hawajaanza, amsaidie kuegemeza ngazi ile ukutani, taa inataka kubadilishwa.

Timazi alisimama. Aliishika ngazi, akaipima kwa macho, akautazama ukuta. Akatazama huku na huku. Mezani kulikuwa na kitambaa cha kufutia vumbi. Akakichukua, akakichana katikati, akafunga nusu moja ncha ya kulia na nusu nyingine ncha ya kushoto, akakaza mafundo kwa kidole gumba. Ndipo akaiegemeza, polepole, kama anayemlaza mtoto.

Sajini aliacha kutafuna kalamu yake.

"Ukuta huu umekwisha kufa," alisema Inspekta. "Unauhurumia wa nini?"

"Ni mazoea tu, afande. Ngazi inachubua."

Inspekta akaweka mezani picha ya zile ncha za ngazi. Timazi akaiona. Aliitazama kama mtu anayetazama mwandiko wake mwenyewe ukutani. Akaketi, mkono wake mkubwa ukaanza kusugua goti.

Alionywa kisheria kwamba halazimiki kusema lolote, na kwamba atakalosema litaandikwa. Akaitikia.

"Ulimbeba kutoka chemba?"

"Ndiyo."

"Ukamweka koridoni."

"Ndiyo."

"Ukafungua dari, ukaleta ngazi. Maiti iko miguuni mwako, na ukaenda kutafuta vitambaa."

"Rangi ilikuwa mpya," alisema Timazi. Kisha akasikia alichosema, akainamisha kichwa.

Maelezo yake aliyatoa bila kulia, kwa mpangilio, toka msingi hadi paa. Alisema ndiye aliyelegeza bati na ndiye aliyeziba bomba. Asubuhi ile alijificha stoo ya nyuma aone kazi yake inavyoshika. Alimwona kaka yake akigombana getini na kuondoka. Alimwona Gongagonga akifungua maji yote ya bafuni, akitoka nje, akipiga magoti kwenye chemba, akivuta mfuniko. Mzee akachungulia, akagonga ile saruji kwa kijiti chake, akasikiliza. Kisha akacheka peke yake.

Timazi akajitokeza. Gongagonga hakushtuka. Alimwambia kwamba huu si uzembe, huu ni mkono, tena mkono ule ule uliopiga kuta. Alisema ataandika bomba limezibwa makusudi, na litazibuliwa kwa nusu siku, na nyumba ni nzima.

"Nikamwomba," alisema Timazi. "Nikamwambia mzee wangu, andika fundi ni mbovu. Andika kuta zina nyufa, andika msingi umekaa vibaya, andika chochote. Nikamwambia nivunjie jina, sitalalamika."

"Akasema nini?"

"Akasema amegonga nyumba tangu ujana wake na hajapata kugonga kama hii. Akasema hawezi kuitukana kwa karatasi."



Kisha akaeleza kwamba mzee alitoa simu ampigie mwenye nyumba, amweleze yaliyotokea. Timazi aliushika ule mkono wenye simu. Wakavutana. Mzee akarudi nyuma hatua, kisigino kikaingia kwenye shimo la chemba, akaenda chini kwa kisogo juu ya ukingo. Miwani ikaruka. Timazi aliiokota, akaikunja, akaitia mfukoni mwa mzee, kwa sababu hakuweza kuiacha kwenye udongo. Mengine aliyafanya kama mtu anayeota.

"Ningeita daktari," alisema. "Lakini nilimsikiliza kifuani. Hakukuwa na kitu."

"Na kaka yako? Umelala siku ngapi huku yeye yuko ndani kwa ajili yako?"

"Sikulala, afande."

Inspekta alifunga faili lakini hakusimama. Alikuwa amepata muuaji, amepata njia, amepata ushahidi. Lakini mtu haharibu kazi bora ya maisha yake bure, na hilo Timazi alikuwa amelizunguka kama anavyozungukwa mbwa aliyelala. Alimuuliza kwa nini hakutaka nyumba iuzwe. Timazi akasema hayo ni ya nyumbani.

Basi akaagiza kaka yake aletwe, kabla ya kuachiwa.

Walisimama kila mmoja upande wake wa meza. Mwenye nyumba alikuwa na ndevu za mahabusu na hasira iliyokwisha kukosa pa kwenda. Sajini, aliyekwenda kumchukua, alikuwa amemweleza yote njiani. Alimtazama mdogo wake kama anayemwona mtu mwingine aliyefanana naye tu.

"Bati ni wewe," alisema. "Bomba ni wewe. Mnunuzi wa kwanza alipokimbia uliona nilivyolala na njaa kwa mawazo, ukanikaangia yai ukaniambia kaka, kula. Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, kaka."

"Nilikunyima ujira?"

"Hukuninyima."

"Sasa nini? Sema. Mtu amekufa. Mama nitamwambia nini?"

Alipotajwa mama, Timazi aligeuka akatazama ukuta. Sajini, ambaye kwa kawaida angetia neno, alisema chinichini tu kwamba mficha uchi hazai, na Inspekta akamnyamazisha kwa jicho.

"Mdogo haombi kwa mkubwa," alisema Timazi hatimaye. "Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Nilisema moyoni, ataona mwenyewe. Nilijenga mlango wa nyuma bila ngazi, ili magoti ya mama yasipate kazi. Nikasema akija ataona. Ulikuja. Ukatazama nyumba nzima, ukaniambia kazi nzuri, itauzika haraka."

Mwenye nyumba alivuta kiti, lakini hakukaa. Alipozungumza tena, sauti ilikuwa ya mtu mwingine kabisa, sauti ambayo huenda aliitumia walipokuwa watoto wanalala kitanda kimoja.

"Mdogo wangu. Mimi nauza vipuri. Mlango bila ngazi mimi nauona ni mlango tu. Niambie kwa mdomo wako. Ulitaka nini?"

Timazi aliiweka mikono yake mikubwa mezani, viganja juu, akaitazama.

"Nilitaka tukae sisi," alisema. "Mama chumba cha mbele, wewe na shemeji kile kikubwa, mimi hata stoo ingenitosha. Nilitaka unipe hiyo nyumba nikae nanyi, kaka. Ndicho nilichokuwa nataka."